Ulinganisho: Puerto Madryn, Puerto Pirámides au Punta Tombo kwa nyangumi na pengwini, mwezi Oktoba?

Msafiri wa Tanga
Wakuu, habari zenu. Oktoba nina kazi Argentina, na nimepata siku nne za kuzunguka pwani ya Patagonia, mkoa wa Chubut. Nataka nyangumi kwanza, pengwini wakipatikana. Nilale Puerto Madryn niwe naenda na kurudi? Nilale Puerto Pirámides, ndani ya rasi ya Valdés? Au niende kusini, Punta Tombo? Nasikia upepo wa huko hauna mchezo. Mliofika, nisaidieni.

Binti Lamu
Pirámides, kaka, na sababu ni huo upepo wenyewe. Boti za nyangumi hutokea hapo, na upepo ukizidi bandari inafungwa, hakuna wa kubembelezwa. Aliyekuja asubuhi kutoka Madryn, kama kilomita 100, anarudi mikono mitupu. Aliyelala kijijini anangoja, kesho anaingia baharini. Malazi ni ghali kuliko Madryn, lakini unacholipia ni nafasi ya pili.
Nyangumi wenyewe ni wale ambao wenyeji huwaita ballena franca: hawana pezi mgongoni, na kichwani wana mabaka meupe ya ngozi ngumu ambayo watafiti huyatumia kumtambua kila mmoja. Wapo kuanzia Juni hadi Desemba. Oktoba utawaona mama na watoto.

Mzee wa Darubini
Bila kumpinga dada, kabla ya boti mpe El Doradillo nusu siku. Ni ufukwe wa kokoto kaskazini ya Madryn, na maji yana kina kirefu karibu kabisa na nchi kavu. Angalia ratiba ya maji, nenda yakiwa yamejaa. Mama na mtoto hupita karibu mno, unasikia pumzi zao. Bandari ikifungwa, huku hakufungwi. Kwangu mimi huko kunazidi boti, kwa sababu mnyama ndiye anayeamua kukusogelea, hakuna injini inayomfuata.

Msafiri wa Tanga
Ahsanteni sana. Na Punta Tombo? Na orka, wale nyangumi wauaji, wanaojirusha ufukweni kukamata watoto wa simba-bahari?

Binti Lamu
Orka hao ni wa Punta Norte, ncha ya kaskazini ya rasi, hasa Machi na Aprili, watoto wa simba-bahari wanapoanza kuingia majini. Oktoba usiwaweke kwenye hesabu.

Nahodha Kigamboni
Tombo ni kama kilomita 110 kusini ya Trelew, mji ambao nao uko kusini ya Madryn, kwa hiyo itakula siku nzima. Pengwini wa Magellan ni wengi ajabu, wanakatiza njia na wewe ndiye unayesimama wapite. Ila Oktoba wamelalia mayai, vifaranga huanguliwa Novemba. Kwa siku nne ningeiacha. Caleta Valdés, ndani ya rasi, kuna kundi dogo la pengwini kando ya barabara, na sili-tembo wamelala ufukweni na watoto wao. Hao sili waangalieni kwa heshima: mwaka 2023 mafua ya ndege yaliua karibu watoto wote waliozaliwa msimu ule. Usivuke kamba hata kama picha ni nzuri.

Mkaazi wa Cape
Kwa watakaosoma uzi huu wakiwa Dar au Nairobi: kama shida ni nyangumi tu, hifadhi ya De Hoop hapa Afrika Kusini utawaona aina hiyohiyo ukiwa juu ya vilima vya mchanga, Agosti hadi Oktoba, na safari ni fupi zaidi. Tena Watamu kuna nyangumi wa nundu kuanzia Julai. Lakini sili-tembo kwa wingi ule, hapana, hao wafuate Valdés.

Msafiri wa Tanga
Basi nimeamua: El Doradillo siku ya kwanza, kisha usiku tatu Pirámides. Gari nikodi?

Nahodha Kigamboni
Kodi. Barabara za ndani ya rasi, ukishapita Pirámides, ni changarawe tupu, enda taratibu, tangi ulijaze Madryn. Ukiegesha, elekeza pua ya gari kwenye upepo na ushike mlango kwa mikono miwili unapofungua. Upepo wa kule unaukunja mlango, na bima nyingi za gari za kukodi hazilipi hilo. Uliza kabla ya kusaini.

Mzee wa Darubini
Darubini ifunge shingoni. Na koti liwe la kuzuia upepo, sufi uvae ndani yake.