Nabii Yaqub alilia mpaka akapofuka, mbona bado ni mwenye subira?

bintiMtwara: Asalaam alaykum ndugu zangu. Nasoma tafsiri ya Surat Yusuf, nimefika aya ya 84 nimekwama. Huku nyuma aya ya 18 Yaqub kaletewa kanzu ya mwanawe Yusuf ina damu ya uongo akasema subira ni njema, sasa hapa macho yamekuwa meupe kwa huzuni. Nauliza maana tumefiwa na mdogo wetu na mama kila akilia kuna mashangazi wanamwambia nyamaza, unapinga qadar, yaani majaliwa ya Mungu. Hivi subira na machozi havikai pamoja?

Abuu_Swaumu: Waalaykum salaam, poleni sana dada, Allah amrehemu. Teremka aya ya 86 hapohapo. Wanawe wanamlaumu eti hataacha kumtaja Yusuf mpaka aangamie, yeye anawajibu masikitiko yake anamshtakia Allah. Kulia alilia, ila Mola wake hakumlaumu hata kwa neno moja. Na Mtume s.a.w. alipofiwa na mwanawe Ibrahim machozi yalimtoka, akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Kilichokatazwa ni kujipiga mashavu, kuchana nguo na mayowe ya kijahilia, yaani ya zama za kabla ya Uislamu, sasa mama analia zake kwenye mkeka wamwache alie jamani.

ustadh_wa_chuoni: Naongezea, hao wanaomnyamazisha mzee aya ya 85 ndo walewale waliomtupa Yusuf kisimani! Halafu angalia, safari hii aliyepotea ni mtoto mwingine, kazuiliwa Misri, lakini mzee analia "ole wangu kwa Yusuf". Miaka yote ile imepita na msiba mpya ukaamsha ule wa zamani, waliofiwa wanaijua sana hiyo.

bintiMtwara: Allah awalipe kheri, ntamsomea mama leoleo. Ila alikuwa anajua Yusuf yu hai?

Abuu_Swaumu: Ile kanzu ya damu hakuiamini toka siku ya kwanza, aliwaambia nafsi zenu zimewashawishi. Na aya ya 87 anawatuma wakamtafute Yusuf na nduguye, wasikate tamaa na rehema ya Allah, yaani macho hayaoni tena na bado anatuma watu. Nenda na ya 94, msafara ndo kwanza umetoka Misri yeye yuko mbali huko kwao keshasema anasikia harufu ya Yusuf, na waliokuwa naye wakamwona amepotea.