Amu kwa mkoba na pesa kidogo mwisho wa Desemba: siku za mwanzo pesa huvuja wapi?

Mkoba_Tanga

Habari zenu, hasa wenyeji wa Lamu. Tuko wawili, mimi na dada yangu, tunatokea Tanga kwa basi baada ya Krismasi. Tunataka kulala Lamu siku nne. Tukishatoa nauli za basi za kwenda na kurudi tunabaki na shilingi 14,000 za Kenya kwa sote wawili: gesti, chakula, boti, kila kitu. Kila tunayemuuliza anatwambia Desemba huko ni bei za watalii tu. Je, hela hii inatosha? Tulale mjini au kijiji cha Shela? Na siku ile ya kufika tufanye nini ili tusipigwe? Hatujui mtu huko na hatujaweka chumba popote.

Langoni_Mkazi

Karibuni Amu, ndivyo wenyeji tunavyouita mji wa Lamu. Inatosha, ila siku ya kwanza mkikosea hamtakuwa na pa kufidia. Igaweni hivi kabla hamjaondoka: 8,000 malazi, 4,000 chakula, 1,500 boti, na 500 iliyobaki isiguswe, maana ndiyo itakayowavusha kurudi Mokowe.

Njiani. Msijaribu kufika kwa siku moja kutoka Tanga. Kuna mpaka wa Horohoro na Lungalunga, kisha kivuko cha Likoni (mwenda kwa miguu halipi), na mabasi ya Lamu huondoka Mombasa mapema asubuhi. Laleni Mombasa karibu na ofisi za mabasi na mkate tikiti jioni ileile, kwa sababu wiki ya mwisho wa Desemba watu wa Amu wanaofanya kazi Mombasa nao wanarudi kwao, na viti huisha. Msitegemee kupandia Malindi, basi likifika pale huwa limeshajaa. Ombeni viti vya upande wa kushoto, maana asubuhi jua linapiga kulia tangu Mombasa hadi Garsen.

Kuanzia Garsen kwenda Witu na Mokowe kuna vizuizi vya askari. Abiria hushushwa na kukaguliwa. Pasipoti iwe mkononi yenyewe, yenye muhuri wa kuingia Kenya, si picha kwenye simu wala si ndani ya begi lililoko kwenye buti. Basi zima litawasubiri mkitafuta, na hakuna atakayewachekea. Bebeni maji na kitu cha kutafuna.

Mokowe. Basi linaishia bara, kisiwani hamvuki na gari. Hapa ndipo uvujaji wa kwanza. Mkishuka tu watakuja vijana wa boti za kasi wakiwaambia boti ya abiria imeshaondoka, au haipo leo. Msibishane nao. Angalieni akina mama wenye mizigo ya sokoni waliokuwa nanyi kwenye basi, wanakokwenda nanyi nendeni. Wanapanda boti ya abiria, na nauli yake ni ya mamia machache kwa kichwa ilhali ya kukodi ni ya maelfu. Lipeni wanacholipa wao, na muwe na noti ndogo. Begi likae miguuni, na nguo ziwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, kwa sababu kaskazi ikivuma mlangoni mwa mkondo, anayekaa ubavuni hurushiwa maji.

Gatini Amu, ngazi zikiwa zimepwewa huwa na utelezi wa kijani. Begi mgongoni, mikono miwili huru, shukeni polepole.

Mkomani

Mwenzangu kawafikisha gatini, mimi niendelee na chumba, maana hapo ndipo pesa nyingi inapotoka.

Mtu atawafuata kutoka gatini hadi ndani akiwauliza mnalala wapi. Si mwizi, ni kazi yake, lakini akiwapeleka yeye gesti, kamisheni yake inaongezwa kwenye bei ya kila siku mtakayolala. Siku nne si pesa ndogo. Mwambieni kwa upole mna mwenyeji wenu, shukrani, kisha muingie hoteli yoyote ya chai karibu na Mkunguni, pale mbele ya ngome. Agizeni chai. Mmoja akae na mabegi, mwingine aende kuangalia vyumba mikono mitupu. Mwenye begi mgongoni saa kumi na moja jioni hana nguvu ya kupatana bei, kila mtu anaona amechoka.

Tafuteni ndani ya vichochoro vya mitaa ya Mkomani na Langoni, nyuma ya Usita wa Mui, ile njia kuu ya ndani ya mji, si nyumba zinazotazama bahari. Chumba cha wawili kikizidi 2,000 endeleeni kutembea, na ikifika magharibi hamjapata, msipite 2,500, tena iwe kwa usiku mmoja tu. Asubuhi mtatafuta vizuri zaidi. Popote mtakapoingia lipeni usiku mmoja kwanza hata kama mnapewa punguzo la siku nne. Punguzo hilo mtalipata kesho pia, mkishajua kama maji yanatoka.

Mambo ya kukagua, na mkague nyinyi wenyewe bila kuona haya: fungua bomba la juu, si la chini. Umeme ukikatika pampu haipandishi maji, kwa hiyo uliza kama kuna tangi juu ya paa na lina maji sasa hivi. Washa feni mpaka mwendo wa mwisho. Tandaza chandarua chote kitandani utafute matundu, hasa pembeni kinapochomekewa. Halafu panda ngazi. Nyumba za mawe huwa na joto na mbu chini, kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani. Chumba cha ghorofa ya juu au cha darini chini ya makuti hupata upepo, na mara nyingi ni rahisi kuliko cha chini chenye choo chake. Mtu wa bajeti achague upepo, choo cha kushirikiana hakimpotezei kitu.

Punda watalia usiku na adhana ya alfajiri iko jirani popote mtakapolala, kwa hiyo msilipe zaidi kwa ahadi ya "chumba kimya".

BintiShela

Kwa nini hamumshauri alale Shela? Bahari iko mlangoni, fukwe safi, hakuna taka za mjini. Mtu katoka Tanga kuja kuona pwani, mnamfungia vichochoroni!

Mkomani

Tanga pwani ipo, dada. Shela ni pazuri, sikatai. Lakini mwisho wa Desemba nyumba nyingi za huko zimekodishwa nzima nzima na wageni, vilivyobaki ni vyumba vichache vya bei ya juu. Na chakula cha bei ya mwananchi kiko mjini, ina maana kila jioni ni boti, na boti ya usiku haiuzwi kwa kichwa, inauzwa nzima. Akilala mjini anakwenda Shela mchana kwa miguu bila kutoa hata senti.

BintiShela

Kwa miguu sawa, ila mwelezeni maji. Wengi wanaondoka mjini wakati bahari imejaa, wanafika katikati njia imefunikwa, wanarudi wakiwa wamelowa au wanalipa boti inayopita. Boti inayopita inajua imekukuta wapi.

Bamvua

Hapo kwenye maji niachieni mimi. Watu wa mikoba hununua ramani na vitabu na hawaulizi mwezi umeandama lini, ilhali hapa ratiba yote inatoka huko.

Kanuni ya haraka kwa bahari yetu: siku mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Hilo ndilo bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Mfano: mwezi nne, yaani siku tatu zimepita. Dakika 50 mara tatu ni saa mbili na nusu. Kujaa kutakuwa karibu saa kumi na mbili na nusu, na kupwa karibu saa sita na nusu mchana. Ikifika wiki moja tangu kuandama mambo yamegeuka: kujaa ni saa nne, kupwa ni saa kumi, na hayo ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayarudi mbali. Mnaweza kukosea nusu saa, haidhuru. Nahodha yeyote gatini atawasahihisha bure.

Sasa itumieni. Mjini hadi Shela ni kama kilomita 3, dakika 40 hadi 45 kando ya maji. Ondokeni saa moja na nusu au mbili kabla ya maji kupwa kabisa, mtakwenda kwa mchanga mgumu na mtakuwa na muda wa kurudi kabla hayajapanda. Kama saa hazikubaliani, ipo njia ya ndani nyuma ya nyumba, ya mchanga laini, inachosha lakini haizamishi mtu. Ufuo wa Shela wenyewe una kilomita 12, hauna kivuli wala duka ukishapita nyumba za mwisho. Lita mbili za maji kwa kila mtu, na msiende mbali sana mkiwa wawili tu.

Kuogelea: ule mkondo kati ya Shela na kisiwa cha Manda si wa kuchezea maji yanapotoka. Unavuta kuelekea nje, na kwa juu unaonekana umetulia kabisa. Ogeleeni maji yanapoingia, karibu na watu.

Takwa, magofu yaliyoko Manda, ni kinyume chake. Mlango wa kuingilia ni mkono wa bahari katikati ya mikoko, chombo hakipiti mpaka maji yamejaa. Anayewaambia mwondoke saa tatu asubuhi siku ya bamvua, wakati maji yanakimbia, ama hajui ama atawatembeza kwenye tope. Siku hiyo safari nzuri ni ya saa nane mchana, mfike maji yakikaribia kujaa, mtazame upesi na mtoke kabla hayajawaacha.

Na bei ya chombo, kabla ya kukanyaga ubao ulizeni mambo haya kwa sauti na mbele ya shahidi: ni bei ya chombo kizima au ya kichwa? Upepo ukikosa, mafuta ya mashine ni ya nani? Chakula na maji ya kunywa vimo? Tunarudi saa ngapi? Ugomvi mwingi gatini hutokana na hilo la mafuta. Wawili kukodi mashua peke yenu ni kumaliza bajeti ya boti kwa siku moja. Kaeni Mkunguni jioni mtafute wenzenu wanne, chombo kilekile kigawanywe kwa sita.

Mkoba_Tanga

Asanteni sana, nimeandika yote. Dada anauliza chakula, na je, tubadilishe hela wapi? Na kuna kitu cha kuona kisicho cha boti?

Langoni_Mkazi

Chakula ndicho kitu rahisi hapa mkila kama wenyeji. Asubuhi chai, mahamri na mbaazi za nazi. Hamri liagizwe mapema, saa tatu yaliyobaki yamepoa. Mchana wali wa nazi na samaki kwenye hoteli ndogo za Langoni. Bei ya sahani ulizeni kabla ya kukaa, na mseme "samaki wa leo" badala ya kutaja kamba au kaa. Jioni kwenye meza za nje karibu na ngome kuna viazi vya karai, bajia, mishkaki na mkate wa mofa, mnashiba wawili kwa bei ya sahani moja ya hoteli ya ufukweni. Shilingi 800 kwa siku kwa nyinyi wawili inawezekana kabisa. Maji ya kunywa nunueni dumu kubwa siku ya kwanza mjaze chupa zenu, chupa ndogondogo zinamaliza pesa kimyakimya.

Tahadhari moja: atakuja mtu mpole sana kuwaalika mle chakula cha Kiswahili nyumbani kwao, na ataomba malipo kidogo mapema ya kununulia samaki. Wapo wanaopika kweli, na vizuri. Lakini pesa hulipwa sahani ikishafika. Anayekataa sharti hilo, chakula chake hakipo.

Ijumaa mchana, tangu saa sita hadi kama saa nane, msitegemee duka wala chakula.

Pesa: mpakani badilisheni kidogo tu ya nauli, iliyobaki Mombasa. Kisiwani mashine za benki ni chache na sikukuu hizi huweza kuisha noti, kwa hiyo ingieni na taslimu ya siku mbili za kwanza.

Vya miguu: ngome, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, makumbusho ya ufukweni, na nyumba ya posta ya Wajerumani iliyofunguliwa 1888. Onyesheni pasipoti, Mtanzania halipi kiwango cha Mzungu. Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa, mtaona majahazi yakiundwa. Ni mwendo wa mchanga na jua, ondokeni alfajiri. Usiku tochi, mifereji iko wazi na punda hawana choo maalumu.

Mkoba_Tanga

Basi la kurudi je? Tumesikia linaondoka mapema mno.

Mkomani

Kateni tikiti ya kurudi siku mnayofika, ofisi ziko ufukweni, hamna haja ya kuvuka. Ulizeni basi linang'oa saa ngapi Mokowe, siyo Amu, na boti ya kuliwahi inatoka gati gani. Kisha mwambieni mwenye gesti jioni ile, kwa sababu mlango mkubwa wa chini hufungwa kwa komeo usiku na mwenye ufunguo anaweza kuwa amekwenda kuswali alfajiri wakati boti yenu inajaa.