Mfumo wa duka: kuuza mara moja au kulipisha kila mwezi?

KodiKichwani:
Wakuu habari za jioni. Nina mfumo wa kompyuta wa mauzo na stoo niliouandika usiku usiku kwa mwaka na nusu. Sasa nimepata mteja wa kwanza wa maana. Anataka auchukue jumla kwa laki nane, tumalizane. Mimi nilimtajia elfu thelathini kwa mwezi, akacheka. Jibu anataka Jumatatu. Kipi kinalipa? Naomba uzoefu, sio nadharia.

MzeeWaStoo:
Kwa jina lako nilidhani wewe ni mtu wa TRA, wakusanya kodi. Duka la nini? Moja au mengi? Mfumo uko mtandaoni au kwenye kompyuta yake? Hiyo elfu thelathini ni kwa duka au kwa mteja? Mnaleta mada nusu halafu mnataka ushauri mzima.

DalaliMstaafu:
Chukua laki nane leo, kesho anabadilika. Mtu wa duka halipi kila mwezi kitu asichokishika.

BintiKaunta:
Mbona king'amuzi analipa?

DalaliMstaafu:
Kikikatika watoto wanalia. Mfumo ukikatika anarudi kwenye daftari, maisha yanaendelea.

KodiKichwani:
Samahani wakuu. Ni famasi mbili, Mwanza, mmiliki mmoja. Mfumo unakaa kwenye kompyuta ya kila duka, hauhitaji bando. Elfu thelathini ni kwa kila duka. Halafu nimeajiriwa, hii naifanya nikitoka kazini.

MzeeWaStoo:
Basi hesabu: 60,000 kwa mwezi, mwezi wa 14 umeshaipita laki nane. Ila kama kompyuta haiko mtandaoni, asipolipa utamfanya nini? Utapanda daladala ukazime?

FundiWaUsiku:
Ngoja nikupe yangu. 2019 niliuza mfumo kwa duka la vifaa vya ujenzi Morogoro, milioni moja na laki mbili, hakuna mkataba, tulishikana mikono tu. Nilijiona tajiri. Wiki ya pili simu zikaanza. Printa haitoi. Umeme umerudi, kompyuta haiwaki. Kashia mpya hajui kuingia. Zote zangu, maana "mfumo ni wako".

Mwezi wa tano jamaa ananipigia saa nne usiku: mifuko 46 ya saruji haionekani, mfumo wako umeiba. Nikapanda basi kwa nauli yangu. Nimefika, nikaomba kukaa nyuma ya kaunta siku nzima. Umeme ukakatika saa tano, kijana akavuta kaunta buku chini ya meza, kurasa zimejaa alama za vidole vyenye saruji. Anauza kwa daftari, umeme ukirudi anaingiza anachotaka. Na kilichoingia, mimi mwenyewe nilimwekea kitufe cha kufuta! Anafuta mauzo, hakibaki kitu. Kijana mwenyewe ni mpwa wa bosi. Nani alaumiwe? Mimi.

Nilirudi na hasara ya nauli na mteja ameniblock. Baadaye nikaukuta mfumo huohuo kwenye duka la jirani yake, umehamishwa kwa flashi. Toka siku hiyo kwangu hakuna kufuta: kuna kubatilisha, na jina la aliyebatilisha linabaki.

DalaliMstaafu:
Pole, lakini hilo ni kosa la mpwa, sio la kuuza jumla.

FundiWaUsiku:
Ningekuwa nalipwa kila mwezi ningeenda mapema.

PwaniMoja:
Mimi niko Mombasa. Ndugu yangu, usidai kila mwezi, dai kwa miezi mitatu mitatu, na uchukue kwanza pesa ya kumwekea mfumo. Mimi hutuma ujumbe tarehe 28, wengi hulipa kwa M-Pesa tarehe tano. Wa kila mwezi walinichosha, nilikuwa mdai madeni badala ya kuandika programu.

JipangeKwanza:
Mnaruka hatua. Sajili kampuni BRELA kwanza. Ukianza kulipwa TRA wanataka VAT asilimia 18, laki nane yote inaishia huko.

MzeeWaStoo:
Usimtishe kijana. Tangu Julai 2023 kiwango cha kujisajili VAT ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka. Kwa famasi mbili atakifikia akiwa na wajukuu. Aanzie na TIN, namba ya mlipakodi, na jina la biashara. Cha maana amwambie mteja mapema kwamba karatasi ya mfumo wake sio risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Na asome mkataba wake wa ajira, mwajiri asije akadai mfumo ni wake, hasa kama ameandikia kwenye laptop ya mwajiri.

KodiKichwani:
Hiyo ya laptop imenigusa.

BintiKaunta:
Mimi nimekaa kaunta ya famasi miaka sita, naomba niulize. Boksi lina stripu kumi, stripu ina vidonge kumi, mteja anataka vinne. Mfumo wako unauzaje? Sisi tulioletewa ulijua boksi tu, tukawa tunaandika 0.04 ya boksi kila mgonjwa. Foleni inafika mlangoni, wewe unapiga hesabu za nukta. Na kama nina maboksi mawili, moja linaisha muda Machi, jingine Desemba, utaniambia nitoe lipi kwanza?

KodiKichwani:
Tarehe ipo, inatoa onyo. Kidonge kimoja kimoja bado, nilipanga toleo lijalo.

BintiKaunta:
Basi hujamaliza mfumo, unabishania bei. Omba ukae kwenye kaunta yake siku mbili kabla ya Jumatatu.

JipangeKwanza:
Kama unahifadhi majina ya wagonjwa na dawa zao, angalia pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

DalaliMstaafu:
Mnamfukuzia mteja na masheria. Laki nane!

KodiKichwani:
Wakuu, mteja amesafiri, ana harusi Bukoba, kasema tuongee akirudi. Wikiendi hii nakaa kaunta kwa ruhusa ya kashia wake. Laptop ni yangu, ila chaja ya ofisi.

MzeeWaStoo:
Chaja haina neno.

MamaVipodozi:
Huo mfumo unafaa duka la vipodozi? Nina rangi za kucha zaidi ya mia na sijui ipi imeisha. Nitumie bei inbox.

DalaliMstaafu:
Mwambie jumla.