Titresheni inazidi mililita tatu, tatizo asidi au maji?

mgeni_micheweni:
Assalamu alaykum walimu. Naandaa praktiko ya kemia ya kidato cha nne, titresheni (kuiteremshia kaboneti asidi mpaka rangi igeuke). Sodiamu kaboneti kavu gramu 5.3 kwa lita, asidi ya hidrokloriki 0.1 M (mole 0.1 kwa lita), indiketa (kibadili rangi) methili orenji. Kwa hesabu, ml 25 za kaboneti zimalizwe na ml 25 za asidi, lakini bureti (mrija wa vipimo unaoteremsha asidi) inasoma 28.2, 28.1, 28.2. Maji ni ya kisima, yamechujwa, yanang'aa. Niitupe asidi nitengeneze nyengine?

laboranti_mkongwe:
Wa alaykum salaam maalim. Masomo ya bureti yamekaa pamoja, kwa hiyo mkono hauna kosa. Asidi iache, shika maji. Visima vya maweni vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na hayo ni kalisiamu kaboneti. Mvua ikipita kwenye udongo hubeba kaboni dayoksaidi, ikafika kwenye jiwe ikaliyeyusha, ukapata bikaboneti. Kuchuja hakuitoi, imeshayeyuka.

Jipimie. Tia ml 100 za maji hayo kwenye chupa ya koni, methili orenji matone mawili, kisha teremsha asidi yako hiyohiyo. Maji ya distili hugeuka kwa tone moja au mawili. Ya kwako yakila ml 6 na kitu, basi yana alikali (kinachomaliza asidi) ya 0.006 M, na umeyatumia mara mbili: nguvu ya kaboneti ya kumaliza asidi imepanda ikawa kama 0.106 badala ya 0.1 (ni 0.05 M, lakini mole moja humaliza mbili za asidi), asidi imeshuka ikawa 0.094. Zidisha 25 kwa 0.106, gawa kwa 0.094: 28.2. Ndiyo hiyo bureti yako.

Dalili nyengine: ulipoyeyusha kaboneti, maji hayakufanya ukungu kama maji ya kuoshea mchele?

mgeni_micheweni:
Yalifanya! Nikadhani kaboneti chafu. Sasa maji ya distili hakuna, nikiyachemsha?

bureti_na_pipeti:
Kuchemsha kunapunguza tu. Sehemu ya bikaboneti inaganda chini ya sufuria (ule ukoko mweupe wa birika), lakini chumvi inabaki yote. Kisima cha karibu na pwani kitakuharibia praktiko ya kutambua chumvi: ukitia silva naitreti, maji yenyewe yanatoa mashapo meupe, na kila mwanafunzi anaandika kloraidi hata pasipokuwa nayo.

Kinga mvua. Acha dakika 20 za mwanzo zioshe bati, kisha ingiza kwenye ndoo ya plastiki. Usichote kwenye tangi la saruji, saruji nayo inatoa alikali. Maji ya betri yanafaa yakiwa yale ya kuongezea tu. Soma kibandiko, maana dukani jina hilohilo wanaiita asidi ya salfuriki.

laboranti_mkongwe:
Naongeza. Chupa ya koni isuuze kwa maji tu, pipeti (mrija wa kuchotea ml 25) kwa kaboneti, bureti kwa asidi. Na methili orenji ikikuishia usitie fenolfthalini ukadhani ni sawa: rangi itapotea kwenye 12.5, nusu ya njia, kaboneti ikiwa imegeuka bikaboneti tu.

Kopo la kaboneti likikaa wazi kwa unyevu wetu huu linanywa maji, gramu 5.3 zako zikawa pungufu. Likaange kwenye kikombe cha kauri nusu saa, lipoe limefunikwa, ndipo upime.