Faugères inarudishwa mezani: mbovu mvinyo au wabovu sisi?

Mhudumu_Pwani
Habari za kazi, wadau. Hoteli yetu iko upande wa Paje. Tumeletewa makasha ya mvinyo mwekundu kutoka shamba dogo la Faugères, kusini mwa Ufaransa: zabibu za Syrah, Grenache na Carignan, ulevi asilimia 14.5. Karatasi ya muuzaji imejaa sifa za udongo, lakini wageni wanaurudisha. Wanasema unanuka jamu na unachoma koo. Chupa nyengine zina mashapo, nyengine zikifunguliwa zinanuka yai viza. Stoo ina feni, kiyoyozi hakuna. Wahudumu wengi hatunywi, kwa hiyo kuonja si njia. Tutajuaje chupa mbovu? Na mgeni akiuliza huo udongo una nini, tumjibu vipi?

MzeeWaStoo
Kwanza mnautia ukiwa moto. Ile kanuni ya mvinyo mwekundu kunywewa kwa joto la chumbani ni ya vyumba vya Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Paje wakati wa kaskazi kinafika 30. Kwa joto hilo ulevi ndio unaotangulia puani, na harufu nyengine zote zinafunikwa. Chukua ndoo, nusu barafu nusu maji, zamisha chupa hadi shingoni kwa dakika 12 hadi 15. Barafu tupu haifai, maana kati ya vipande mna hewa na chupa haipoi sawasawa. Ukitumia friji, hesabu saa moja na nusu. Nunueni kipima joto cha jikoni. Mimina ukiwa nyuzi 15, utapanda wenyewe ndani ya glasi. Na glasi msijaze, theluthi inatosha.

La pili ni hiyo stoo. Feni inazungusha joto lilelile, chupa haipoi. Mvinyo unataka nyuzi 12 hadi 15, tena zisizopandapanda. Mchana ukipata joto unatanuka na kusukuma kizibo, usiku ukipoa unavuta hewa ndani. Hapo ndipo jamu yenu inapotoka. Kagueni kabla ya kuuza: kata kifuniko cha shingoni, tazama kama kizibo kimeinuka juu ya mdomo wa chupa, kama kunanata, kama mchirizi wa rangi umepanda ubavuni mwa kizibo hadi juu. Chupa yenye dalili hizo ipelekeni jikoni ikapikiwe nyama, msimpe mgeni. Kama bajeti ya kiyoyozi haipo, kabati moja la kupozea mvinyo litawafaa kuliko stoo nzima ya feni. Umeme ukikatika, msilifungue mpaka jenereta iwake.

BintiMkokotoni
Kwa asiyekunywa, pua inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hii. Yai viza au kiberiti kilichozimwa: mvinyo umekosa hewa, na Syrah ina tabia hiyo khasa. Mimina kwenye jagi, tikisa, subiri dakika 20 hadi 30. Harufu ikiondoka, uza bila wasiwasi. Boksi lililolowa au ukungu: kizibo kimeuharibu, na kadiri unavyokaa kwenye glasi unazidi. Huo hauna dawa, badilisha chupa na umdai muuzaji. Vipovu vinavyowasha ulimi kwenye mvinyo usio wa povu: mara nyingi ni chupa yenye salfaiti (dawa ya kuhifadhi mvinyo) kidogo, iliyochacha upya kwa joto. Wenye mashamba madogo wengi hupunguza salfaiti, kwa hiyo mvinyo wao hauvumilii stoo kama ya kwenu.

Mashapo si ubovu, mvinyo haukuchujwa sana. Simamisha chupa saa 24 kabla, kisha mimina polepole kwenye jagi huku tochi ya simu ikimulika chini ya shingo. Uzi mweusi ukifika shingoni, simama hapohapo. Iliyobaki usiku irudishieni kizibo na iwekwe kwenye friji. Siku mbili, basi.

MsomaLebo
Kuhusu udongo. Faugères iko kaskazini ya Béziers, ilipata hadhi ya AOC (jina la eneo linalolindwa kisheria Ufaransa) mwaka 1982, na karibu ardhi yake yote ni shisti, jiwe la matabaka linalopasuka kama kurasa. Udongo wa juu ni mwembamba, maji hayatuami, mizizi inapenya kwenye nyufa kutafuta unyevu. Mzabibu unazaa kidogo, na zabibu zinakuwa ndogo zenye ladha iliyokolea. Basi mwambieni hivyo. Msimwambie anaonja jiwe, ingawa karatasi za wauzaji zinapenda sana maneno hayo. Kazi ya jiwe ni kuendesha maji na joto, halijiyeyushi ndani ya chupa. Mgeni akitaka kulinganisha, wekeni kando yake mvinyo wa jirani, Saint-Chinian ya upande wa kusini, wenye chokaa na mfinyanzi.

Halafu msiuuze na mchuzi wenye pilipili nyingi. Asilimia 14.5 inazidisha moto mdomoni, na huenda nusu ya hao wanaolalamikia koo walikula kitu cha namna hiyo. Mbuzi wa kuchoma anaenda nao, pilau pia. Kwa kamba na pweza agizeni Picpoul de Pinet, mweupe mkali wa pwani ya hukohuko, nyuzi 8 hadi 10.

MzeeWaStoo
Mkiagiza tena, ombeni mzigo uje miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, na muulize umevukaje kutoka Dar. Makasha yakikaa juani sitahani kwa saa chache tu, ndoo ya barafu haitayaokoa.