Mjadala: Mtu akifia mahabusu, uchunguzi ushikwe na nani?

Mwanzisha mada, Sanawari
Wadau, mtuhumiwa akifia kituoni, iwe Arusha au Moshi, askari ndiye anayeandika tukio, askari ndiye anayepeleka mwili mochwari, na wa kwanza kuueleza umma ni Kamanda wa Polisi wa Mkoa. Mwanzoni mwa 2022, baada ya mauaji ya mfanyabiashara wa madini mkoani Mtwara, Rais Samia alikataa hadharani polisi wajichunguze wenyewe. Juni 2025 Mahakama Kuu ikawahukumu kifo maofisa wawili, watano wakaachiwa. Je, tuunde chombo huru kama IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi Kenya, au sheria tulizonazo zinatosha?

Wakili, Kaloleni
Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, ipo tangu 1980. Inataka kifo cha mtu aliye mikononi mwa polisi au gerezani kichunguzwe na korona, yaani mchunguzi wa vifo kisheria, ambaye ni hakimu, si mpelelezi. Lakini korona haanzi kazi bila taarifa, na mwenye kuishika taarifa ni yule yule anayetuhumiwa. Ndugu wanaambiwa presha ilishuka, wanakabidhiwa mwili, kesho yake jeneza linapanda Marangu na ushahidi unafukiwa nalo.

Familia isingoje kuitwa. Siku hiyo hiyo iandike barua kwa hakimu mfawidhi wa wilaya, nakala Ofisi ya Taifa ya Mashtaka na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Iombe uchunguzi wa korona, mwili usichomwe dawa, daktari wa familia awepo, na kitabu cha mahabusu pamoja na kitabu cha matukio vizuiwe kama vielelezo. Nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, mtaambiwa hakuna barua iliyowahi kufika.

Daktari, Moshi
Hapo kwenye dawa nasisitiza. Formalini ikishaingia, vipimo vya sumu na pombe vinavurugika. Mwili ukae kwenye jokofu la nyuzi 4 na upasuliwe mapema. Tena daktari asiishie kufungua kifua na fuvu. Kwenye ngozi nyeusi damu iliyovilia ndani mara nyingi haionekani kwa macho, kwa hiyo ngozi ya mgongo, makalio, mapaja na nyayo ichanwe na kufunuliwa. Vifundo vya mikono na miguu vikaguliwe alama za pingu na kamba. Shingo ifunguliwe mwishoni, tabaka kwa tabaka, damu ya kichwa na kifua ikishatoka. Ripoti ya "hakuna majeraha ya nje" inayokomea hapo haijachunguza kitu. Sampuli za damu na mkojo zifungwe kwa lakiri na kupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, mwenye ofisi ya kanda Arusha, kila makabidhiano yakiwa na jina, saa na saini.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kipigo huua bila kuvunja mfupa. Misuli iliyopondwa humwaga protini na potasiamu kwenye damu, figo zinaziba, moyo unapoteza mapigo. Leo mtu anaongea vizuri, kesho mkojo una rangi ya chai ya rangi, keshokutwa hakojoi kabisa. Anafia zamu ya askari ambaye hakumgusa. Ndiyo maana swali la "nani alikuwa zamu alipofariki" linapoteza watu. Ulizeni nani alimhoji siku tatu kabla.

Afande mstaafu, Njiro
Daktari, nakuheshimu, lakini vifo vyote msivitie kapu moja. Mlevi analetwa usiku akikoroma, kumbe alianguka na damu inavilia ndani ya fuvu. Mwenye kisukari kakosa insulini. Mnywaji sugu wa gongo siku ya pili anatetemeka na kupata degedege. Mwingine anajinyonga kwa shati lake saa za mwanzo. Vituo vyetu havina muuguzi, na chakula kwa kawaida huletwa na ndugu. Msalaba Mwekundu wa Kimataifa hupendekeza mita za mraba 3.4 kwa kila mtu, hivyo chumba cha mita 3 kwa 4 ni cha watu 3. Hesabuni waliomo Jumamosi usiku baada ya msako. Chombo huru hakitatoboa dirisha. Kenya wana sheria ya IPOA tangu 2011, na bado Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang alifia kituo kikuu cha polisi cha Nairobi.

Wakili, Kaloleni
Afande, malizia habari yenyewe. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Madaktari watano wakaupasua mwili pamoja, wakakuta jeraha la kichwa, shingo iliyobanwa na majeraha mengi mwilini. Mkuu wa kituo na wenzake wakafikishwa mahakamani kwa mauaji. Kuzuia hawakuzuia, lakini uongo haukumaliza wiki.

Daktari, Moshi
Na hao uliowataja, Afande, wengi wanaokolewa kaunta, bila muuguzi. Akiingia aulizwe: una ugonjwa gani, dawa gani, umeumia wapi, umekunywa nini, umewahi kutaka kujiua? Majibu yaandikwe. Mlevi alazwe ubavu na aamshwe kila nusu saa, ajibu kwa maneno. Asiyejibu ni mgonjwa, apelekwe Mount Meru au Mawenzi usiku huo huo.

Msaidizi wa kisheria, Ngarenaro
Mimi naona mzizi uko kwenye saa. Kwa namba za toleo la 2019 la Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 50 kinatoa saa 4 za mahojiano, cha 51 kinaruhusu nyongeza isiyozidi saa 8, na cha 32 kinataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Mwanya ni kosa lenye adhabu ya kifo: hapo sheria inasema "mapema iwezekanavyo" tu, na kwenye mwanya huo watu hukaa wiki nzima. Mpelelezi asiye na ushahidi anatafuta maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa yanayoandikwa na polisi, maana ungamo mbele ya polisi linapokelewa mahakamani. Ungamo likikataliwa kabisa hadi litolewe mbele ya mlinzi wa amani, ambaye ni mtu wa mahakama na si polisi, sababu ya kupiga inapungua sana. Hilo halihitaji jengo wala bajeti.

Wakili, Kaloleni
Naunga mkono. Na msitegemee mlango wa nje. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iko hapa hapa Arusha, lakini Novemba 2019 Serikali iliondoa tamko lililomruhusu mwananchi kufungua shauri moja kwa moja. Ukiidai Serikali fidia hapa nyumbani, sharti kwanza notisi ya siku 90. Mjane hawezi kuishi kwa notisi.

Afande mstaafu, Njiro
Basi niseme pa kukubaliana. Mtu akifa, kitabu cha mahabusu kifungwe kwa mstari na saini saa hiyo hiyo, kikabidhiwe hakimu, na waliomhoji waondolewe kituoni. Chombo huru nitakiunga mkono kikiwa na mtu wake kila mkoa. Ofisi ikiwa Dodoma tu, mpaka gari lifike Karatu sakafu imeshadekiwa. Nijibuni hili: kifo kikitokea Jumapili saa 9 usiku, hakimu yupi ana wajibu wa kupokea simu?