DT 125 ya kubebea asali Sikonge: niifanyie matengenezo na mabadiliko, au niiuze ninunue nyingine?

Mnunuzi wa Asali, Sikonge:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaomba ushauri wa watu wanaozifahamu pikipiki za porini, kwa sababu hapa kijiweni kila ninayemuuliza ananijibu kwa kuitetea pikipiki aliyonayo yeye.

Ninamiliki Yamaha DT 125, ile ya injini ya mapigo mawili, ambayo niliinunua ikiwa imetumika kutoka kwa bwana shamba mmoja aliyestaafu. Kazi yake ni kukusanya asali kwa warina wa upande wa Kipili na Kitunda na kuileta Sikonge mjini. Wanaozijua njia hizo hawahitaji maelezo: ni mchanga mrefu chini ya miyombo, mizizi iliyotokeza juu ya ardhi, na kila baada ya mwendo fulani unakutana na mbuga ya udongo mweusi ambayo kuanzia Novemba hadi Aprili inashika tairi kama gundi. Kwa kawaida ninabeba ndoo mbili za lita 20 juu ya keria, nyuma yangu.

Hali yake kwa sasa ni hii. Ikishapata moto inakuwa ngumu kuwaka kwa kiki. Inatoa moshi mweupe hata baada ya kutembea nusu saa. Keria imechomelewa mara mbili na imekatika tena mahali palepale, na nikiwa na mzigo kwenye mchanga gurudumu la mbele linaelea, usukani hausikii. Fundi mmoja amenitajia shilingi 780,000 kwa kuchonga silinda (kuipanua kidogo ndani), kuweka pistoni na ringi mpya, kubadilisha sproketi (magurudumu ya meno yanayoshika cheni) ili ipate nguvu, na kuweka springi ngumu nyuma. Mwingine ameniambia nisipoteze pesa, bali aifungie injini mpya ya Kichina ya mapigo manne. Mke wangu, ambaye ndiye mtunza hesabu, anasema niiuze kama ilivyo, niongeze akiba tuliyonayo, ninunue Boxer mpya. Mimi mwenyewe nilikuwa ninaitamani Honda XR150L, lakini kwa hiyo nitalazimika kusubiri misimu miwili ya asali.

Ninyi mngefanyaje?

Fundi wa Cheyo, Tabora Mjini:

Ndugu yangu, kabla ya kujibu swali lako ninaona kwamba hata huyo fundi wa 780,000 amekupa bei bila kufungua injini, na bei ya namna hiyo ni ya kubahatisha. DT 125 inaamuliwa na vipimo vitatu, na vyote vinapatikana kwa asubuhi moja ya kazi.

Cha kwanza ni pistoni. Silinda ya pikipiki hiyo ilitoka kiwandani ikiwa na kipenyo cha milimita 56, na pistoni za kuchongea huongezeka kwa robo milimita: 56.25, 56.50, 56.75, kisha 57.00. Ukivua kichwa cha silinda utaona namba imegongwa juu ya pistoni. Ikiwa ni 25 au 50, una maisha mbele yako. Ikiwa ni 100, basi silinda imefika mwisho wa kuchongwa, na hapo utahitaji kuweka laina mpya (bomba la ndani ya silinda) au kutafuta silinda nyingine, na hesabu yote inabadilika.

Cha pili ni konrodi, chuma kinachounganisha pistoni na krenki (mhimili unaozunguka ndani ya injini). Silinda ikishatolewa, shika konrodi uivute juu na kuisukuma chini, pistoni ikiwa juu. Kuchezacheza kushoto na kulia kidogo ni kawaida yake. Lakini ikicheza juu na chini, hata kwa kiasi cha kusikika tu mkononi, beringi yake ya chini imekwisha, na ukiweka pistoni mpya juu ya konrodi ya namna hiyo umenunua msiba. Injini itanoki kabla hujafika Ipole.

Cha tatu, na hiki ndicho mafundi wengi wanakiruka, ni sili za krenki, yaani ringi za mpira zinazoziba pande zake mbili. Injini ya mapigo mawili hupitisha mchanganyiko wa hewa na petroli chini kwenye krenki kabla haujapanda kwenye silinda, kwa hiyo sili zilizo pande mbili za krenki ni sehemu ya kupumua kwake, wala si za kuzuia oili tu. Sili ya upande wa magneto (kinachotoa umeme wa injini) ikichoka, injini inavuta hewa ya ziada, inapata moto kupita kiasi, na mwishowe pistoni inatoboka au inanasa. Sili ya upande wa klachi ikichoka, injini inavuta oili ya giaboksi na kuiunguza. Huo moshi wako mweupe usiokwisha unanifanya nishuku upande huo wa klachi. Pima oili ya giaboksi leo, tembea wiki moja, kisha pima tena. Ikiwa imepungua na hakuna mahali inapodondoka, jibu umelipata bila kulipa shilingi, na kuchonga silinda peke yake kusingeuondoa moshi huo.

Wakati huohuo angalia sponji ya kichujio cha hewa. Vumbi la mchanga wenu ndilo linalokula silinda. Sponji inatakiwa kuoshwa, kukaushwa, kisha kulowekwa oili kidogo na kukamuliwa. Nimeshapokea pikipiki ambazo mwenyewe aliitoa kabisa ili ipige kelele vizuri.

Kuhusu injini ya Kichina ya mapigo manne, inawezekana kufungwa, na nimeshaziona nyingi. Injini hizo ni nakala za ile ya Honda CG125 iliyoanza mwaka 1976, ni imara, na spea zake zinapatikana hata kwenye vibanda vya mnadani. Tatizo ni kwamba viungio vya fremu ya DT havikutengenezwa kwa ajili yake, hivyo lazima kukata na kuchomelea, na ikiwa sproketi ya mbele haikukaa mstari mmoja na ya nyuma, itakula cheni kila mwezi. Zaidi ya hayo, kadi ya pikipiki ina namba ya injini na namba ya chesi. Siku utakaposimamishwa barabarani au utakapotaka kuiuza, namba hiyo mpya itakudai maelezo. Mimi nisingeifanya.

Mpita Mbuga:

Mimi ninapita njia hizohizo na Boxer, na sijalala porini. Petroli inakwenda mbali, huhitaji kutafuta oili ya kuchanganya, na spea ziko hata vijijini. Mama watoto amekupa ushauri mzuri. Kwenye mchanga mrefu ni kweli unashuka na kusukuma, lakini kusukuma nako ni mazoezi.

Afisa Ugani, Uyui:

Kaka wa Sikonge, mimi nilipita njia hiyo ya kubadilisha, na ningependa ulione upande wake wa pili kabla hujauza.

Nilikuwa na pikipiki ya zamani ya porini kama yako, nikachoka nayo, nikaiacha na kununua mpya ya barabarani yenye magurudumu ya inchi 17. Kwenye lami na kwenye changarawe sikujuta hata kidogo, na nilipunguza matumizi ya petroli kwa kiasi ambacho hata mimi nilishangaa. Lakini vijiji vyangu vya kazi viko ndani ya mchanga, na huko nilijifunza kwamba kipenyo cha gurudumu la mbele si pambo. DT ina gurudumu la mbele la inchi 21, ambalo linapanda juu ya mzizi au ukingo wa njia iliyochimbika, ilhali la inchi 17 linaugonga na kusimama. Nilianguka mara tatu katika masika ya kwanza, mara moja nikiwa na mbegu za wakulima mgongoni. Hata hiyo XR150L unayoitamani, ambayo ni pikipiki nzuri na ina starta ya umeme, ina gurudumu la inchi 19 mbele na 17 nyuma. Ni nzuri kuliko Boxer kwenye mchanga, ila usitegemee kwamba itaelea kuliko hiyo uliyonayo.

Jambo jingine ambalo sijaona likisemwa ni uzito. Ndoo ya lita 20 ya maji ina kilo 20, lakini asali ni nzito, lita moja ni karibu kilo 1.4, kwa hiyo ndoo yako moja ina karibu kilo 28 na mbili zina 56. Huyo ni mtu mzima mwembamba, na wewe umemkalisha juu ya keria, nyuma ya ekseli. Gurudumu la mbele linaelea kwa sababu ndoo zinalinyanyua, kama mtu anayekalia mkia wa mtumbwi. Keria inakatika kwa sababu hiyohiyo. Pikipiki yoyote utakayonunua, ukiifunga mzigo namna hiyo itafanya vivyo hivyo.

Fundi wa Cheyo, Tabora Mjini:

Dada ameligusa jambo ambalo mimi nilikuwa ninalifikia. Springi ngumu uliyotajiwa itainua mkia, lakini haitausogeza mzigo. Mwambie mchomeleaji akutengenezee fremu ya pembeni, kama mbavu mbili, ambayo ndoo zinakaa kushoto na kulia, chini ya usawa wa kiti, na katikati ya kila ndoo iwe mbele ya ekseli ya nyuma au angalau juu yake. Ifungwe kwa bolti mahali pa viungio vilivyopo, isichomelewe kwenye fremu yenyewe. Upande wa egzosi weka kipande cha bati cha kuzuia joto, vinginevyo ndoo ya plastiki itayeyuka na utapanguza asali kwenye injini hadi Pasaka.

Wakati wa kazi hiyo, safisha shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia, uitazame kwa tochi, na utazame pia pale mkono wa gurudumu la nyuma unapojishikiza. Ufa wa keria ni jambo dogo. Ufa wa shingo ndio unaonifanya nimwambie mtu auze vyuma.

Mnunuzi wa Asali, Sikonge:

Ninawashukuru nyote, na ninaomba radhi kwa kukaa kimya wiki mbili. Nilifanya kama nilivyoelekezwa.

Oili ya giaboksi ilipungua na chini hapakuwa na tone. Tulifungua. Juu ya pistoni imeandikwa 75, kwa hiyo imebaki hatua moja tu ya kuchonga. Konrodi haichezi juu na chini, fundi aliijaribu na mimi nikaijaribu. Sili ya upande wa klachi ilikuwa ngumu kama ganda la karanga. Shingo ya fremu ni nzima. Ufa ulikuwepo kwenye bomba la nyuma linaloshika keria, mahali pale palipochomelewa mara mbili.

Tumekubaliana nyumbani kuitengeneza mara hii, kwa kuwa imebaki na pistoni moja ya mwisho: sili zote mbili za krenki, pistoni ya 57.00, sponji mpya, na hizo mbavu za pembeni. Springi nimeiacha kwanza. Jumla haikufika kiasi nilichotajiwa mwanzo. Akiba ya Boxer haikuguswa, na mke wangu ameiandika kwenye daftari kwa jina la pikipiki ijayo bila kutaja ni ipi.

Limebaki swali la sproketi. Niongeze meno nyuma au nipunguze mbele?

Fundi wa Cheyo, Tabora Mjini:

Hesabu meno uliyonayo kwanza. Tuseme mbele ni 15 na nyuma ni 45, uwiano ni 3.00. Ukiweka 14 mbele unapata 3.21, na ukibaki na 15 ukapeleka nyuma hadi 48 unapata 3.20, yaani ni kitu kilekile. Ya mbele ni rahisi kwa bei na unaweza kuirudisha ndani ya nusu saa kiangazi kikifika, ila inaikunja cheni kwa nguvu zaidi na kuichosha mapema. Ya nyuma inaitunza cheni, lakini huenda ukalazimika kuirefusha. Kwa kuwa silinda imechongwa upya, tembea kwanza wiki tatu bila kubadilisha chochote na bila kuivuta hadi mwisho, ukiwa na ndoo moja tu. Huenda ukakuta kwamba nguvu uliyokuwa unaitafuta kwenye sproketi ilikuwa inavujia kwenye ile sili.

Mpita Mbuga:

Ukishaijaribu kwenye mbuga, tupe taarifa. Boxer yangu nayo imeanza kukata keria.